Funguo Mfukoni

Kwa miaka sita alizunguka nyumba hadi nyumba na begi la bluu mgongoni, na akina mama wakambatiza Dada wa Maswali. Usimcheke, maswali yale yalikuwa na kazi. Watafiti waliomwajiri walitaka kujua ubongo wa mtoto mdogo unakuaje na dalili za usonji zinaanza kuonekana lini, ili mtoto mwenye kuhitaji msaada aupate mapema. Je, mtoto ananyoosha kidole akitaka kitu? Anakutazama usoni? Kisha lilikuja jaribio la kuita: unasimama nyuma ya mtoto, mikono mitupu, unamwita jina lake mara tatu. Akigeuka, unatia vema penye "ndiyo".

Sheria ilisema pia kwamba mtoto wa ndugu yako apimwe na mwenzako. Hiyo aliipiga teke. Zamu ya binti wa mdogo wake ilipofika alimwambia mwenzake, "Aa, huyu ni damu yangu, niachie mimi." Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Walimwita Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa akibwabwaja alipokuwa mchanga, kabla hajaanza kunyamaza.

"Chiriku!" Kimya. "Chiriku!" Mtoto akaendelea kuzungusha kifuniko cha sufuria sakafuni. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni anauma kucha. Dada wa Maswali akaita mara ya tatu, na mkono wake ukaingia mfukoni ukatikisa funguo. Mkono ulijua unachofanya, na mwenye mkono pia alijua. Chiriku akageuka.

"Si unaona? Mzima kabisa," akasema, akatia vema.

Mdogo wake akacheka huku machozi yanamtoka, akamkumbatia. Njiani Dada wa Maswali alijipoza moyo kwamba angalau leo yule mama atalala usingizi.

Miaka miwili ikapita, Chiriku hajasema neno. Safari hii walimpeleka kwa daktari, naye hakuzungukazunguka: ni usonji, na laiti mazoezi ya kuwasiliana yangeanza mapema, mtoto angekuwa amepiga hatua. Alipouliza tabia nyingine za mtoto, Dada wa Maswali ndiye aliyewahi kujibu, eti mtaalamu.

"Huziba masikio mara kwa mara, daktari. Sauti zinamkera."

Daktari akaandika.

Walipotoka wakakaa kwenye benchi la korido, Chiriku katikati yao. Mdogo wake hakumlaumu mtu, na hilo ndilo lililomuuma Dada wa Maswali. Bora angetukanwa.

"Wewe ulijitahidi, dada," mdogo wake akasema.

Hapo akashindwa kuvumilia. "Mdogo wangu, siku ile hakugeukia jina lake. Nilitikisa funguo. Nilijua, na bado nikaandika ndiyo. Nilikuonea huruma."

Mdogo wake akamgeukia. "Kumbe hakuitika?"

"Hakuitika."

"Mimi nilishika neno lako. Nikasema, kama anajua anaitwa na hataki kugeuka, basi hiki ni kiburi." Akatazama mikono yake. "Nimekuwa nikimvuta masikio, dada. Kila nikimwita asipokuja. Namwambia, haya masikio umepewa ya nini? Halafu navuta."

Dada wa Maswali alitamani benchi lile limmeze. Kamasi zilikuwa zikimtoka Chiriku. Mama yake akapeleka mkono amfute, na mtoto akaziba masikio yote mawili kwa viganja, amefumba macho, anangoja. Korido nzima ilikuwa kimya.

Dada wa Maswali akainuka, akarudi kugonga mlango waliotokea.

"Daktari, ile ya masikio uifute," akasema. "Si sauti zinazomkera. Ni sisi. Na jina langu uliandike la kwanza."