Sukari ya Baba Mdogo

Nitawasimulia, ila mkicheka chekeni pole pole, maana Kakuma nzima imeshacheka vya kutosha. Mimi niliyeondoka hapa na nguo ndani ya mfuko wa plastiki, nikarudi na diploma ya biashara na gari langu mwenyewe (msiulize ni la mwaka gani), ndimi niliyetangaza kifo cha mtu mzima mwenye afya.

Baba yangu ni marehemu, kwa hiyo msemaji wangu wa mahari ni baba mdogo, Lokwang. Alasiri ile tulikuwa tunangojewa na wazee wa kina Akiru, mchumba wangu, na wazee hao walishawahi kusema mimi ni mtu wa mjini, sina adabu ya kukaa na watu. Asubuhi nikampelekea baba mdogo sukari, kama mtoto yeyote anayetoka safari. Akafungua pakiti hapo hapo, akachota kiganjani, akalamba, akanisogezea nami nikachota. Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimenunua kimashine cha kupima sukari ya damu, na mimi kitu kipya hakinikai mfukoni, basi nikasema, "Lete kidole, baba."

Nikamdunga. Mashine ikakataa hata kutoa namba, ikaonyesha alama kwamba sukari imepita upeo wake. Nikasoma karatasi ya maelezo (nusu yake), jasho likanitoka.

"Baba, hii ni ya kuzimia. Twende hospitali ya Lodwar sasa hivi."

"Lakini mimi nasikia njaa tu."

"Hiyo ndiyo dalili!"

Shangazi akapiga yowe, majirani wakajaa, mmoja akaanza kumwombea akiwa amemshika kichwa, na habari ikafika kwa kina Akiru kabla sijawasha gari. Njiani baba mdogo akaanza kugawa mbuzi wake, yule mwenye doa apewe nani, na mimi nakanyaga mafuta huku naona barabara kwa shida. Kisha akasema, "Jipime na wewe. Damu yetu ni moja." Nikaegesha, nikajidunga. Alama ile ile! Ndani ya gari tukawa maiti wawili, na mmoja ndiye dereva.

Hospitalini daktari, mama mmoja mkavu, alitusikiliza mpaka mwisho.

"Kabla ya kupima, mlinawa mikono?"

Tukavitazama vidole vyetu.

"Basi mmepima sukari ya pakiti," akasema.

Tukanawa kwa sabuni, tukapimwa upya. Baba mdogo, mzima kabisa: sukari, presha, kiuno. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Yangu ilikuwa imeshuka, lakini haikushuka vya kutosha, na daktari akachukua utepe wa kunipima kiuno. Nikavuta tumbo ndani. Akangoja, utepe mkononi, mpaka nikaishiwa pumzi mbele ya foleni nzima. Tumbo hilo, jamani, ndilo nililokuwa nikilitembeza Kakuma kama cheti cha pili! Presha nayo juu. Akanitoa damu ya kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kile ambacho hakijali umelamba nini asubuhi, akaniagiza nirudi siku nyingine bila kula chochote, nipimwe pia mafuta ya damu. Majibu yalikuja baadaye: sijawa mgonjwa wa sukari, ila naelekea huko.

Tuliporudi Kakuma siku ile, wazee wa kina Akiru walikuwa wamechoka kutungoja, wameondoka. Siku zilizofuata hofu ya kumkosa Akiru ilininyima usingizi, ikazidi hata ile ya kufa. Mwishowe wakakubali kutupokea, na mlangoni baba yake Akiru akaniletea birika la maji na sabuni, wazee wote wakitazama.

"Nawa kwanza, daktari."

Nikanawa. Akiru nampata, msiwe na wasiwasi. Lakini mahari ilipokwisha kupangwa, mzee akaongeza ngamia mmoja, akasema huyo ni wa kunawia mikono, na msemaji wangu, baba mdogo niliyemwokoa na kifo, akaitika, "Ni haki yenu."

Mashine ninayo bado. Inakaa kabatini, juu ya sabuni.