Fundi wa studio alifuta mwangwi kwenye kaseti yetu ya Bunia, akamfuta na mtu

Wakuu, salaam kwenu, mafundi wa sauti na nyinyi mnaopita tu.

Nimeusoma ule uzi wa majuzi, unaosema reverb ya kompyuta imemaliza kazi na anayetafuta kuta za kweli ni mzee aliyekosa la kufanya. Nimevumilia siku tatu. Leo nimeshindwa.

Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, Bunia, Ituri, miaka ya vita. Majina nimebadilisha kwa sababu wengine bado wapo. Yaliyobaki ni kama yalivyokuwa, sijatia chumvi.

Kwa asiyejua, reverb ni ule mkia wa sauti unaobaki ukishanyamaza. Piga kofi kwenye kanisa tupu utausikia. Siku hizi mkia huo uko kwenye plugin, programu ya kompyuta: unachagua preset, mpangilio ulio tayari, "kanisa" au "ukumbi", unabonyeza. Zamani tulinunua kasha la kuutengeneza. Na kabla ya kasha kulikuwa na kuta.

Basi.

Nilikuwa fundi wa sauti wa kwaya moja pale mjini. Fundi ni jina kubwa. Nilikuwa na mashine ya kurekodi kwenye kaseti, maiki mbili, betri ya gari, na kasha dogo la mwangwi nililolinunua soko la Ariwara. Kasha lile nililipenda kuliko viatu vyangu.

Likaishia kwenye barrière, kizuizi cha askari barabarani. Askari aliona vitufe na taa nyekundu, akaamua ni phonie, ile redio ya kuongelea mbali. Wakati ule, ukikutwa na phonie wewe ni mpelelezi, hakuna kesi.

"Hii iko inasema na nani?"

"Haisemi na mutu, chef. Inarudisha tu sauti."

"Inarudisha kwa nani?"

Wakuu, hebu mweleze mtu mwenye bunduki reverb ni nini. Nilijaribu. Alinipiga kibao kimoja, akachukua kasha, akaniambia nishukuru Mungu. Nilishukuru.

Huo ndio ukawa mwisho wangu na hardware. Tuendelee.

Mji ulikuwa umegawanyika. Mtu wa upande wa pili akionekana mtaani kwetu hakuulizwa mara mbili. Na besi wetu, Papa Gédéon, fundi wa baiskeli, alikuwa wa upande wa pili. Miaka kumi na zaidi aliimba nasi na hakuna aliyewahi kumuuliza kabila.

Mke wake, Maman Jacky, alikuwa amekimbilia Mambasa na watoto, pamoja na kaka zake. Papa Gédéon alibaki siku moja afunge nyumba, njia ikafungwa nyuma yao. Tukamficha.

Tulimficha kwenye tanki la maji la kiwanda cha kahawa. Kiwanda kilikuwa kimeporwa, pampu ilikuwa imeng'olewa, tanki limekauka. Ni chumba cha saruji chini ya ardhi. Unaingia kwa ngazi kupitia tundu la juu lenye kifuniko cha bati. Ndani kuna ukuta wa katikati, na chini yake uwazi mdogo ambao mtu anapita kwa tumbo. Nyuma ya ukuta huo ndipo alipolala Papa Gédéon, wiki ya nne sasa.

Kiongozi wa kwaya alikuwa Maman Dorcas, mama mfupi mwenye sauti ya kengele. Alikuwa na desturi moja: kwaya ilifanya mazoezi hata risasi zikilia. "Bakituona tumenyamaza, batajua tunaogopa," ndivyo alivyosema. Kanisa lilipogeuka kambi ya askari, akahamishia mazoezi kwenye tanki. Nani angeshuku? Wamama wanaimba Mungu shimoni, na chini ya vitenge wamebeba muhogo na maji ya Papa Gédéon.

Siku moja mama muuza mafuta ya mawese akarudi kutoka Mambasa na habari mbaya. Kule walikuwa wameambiwa Papa Gédéon ameuawa. Kilio kimeshafanyika. Kaka zake Maman Jacky wanataka kwenda na familia yote Kisangani, au mbele zaidi, baada ya wiki mbili. Huyo mama wa mafuta angerudi Mambasa kesho yake.

Simu hazikuwepo. Wakiondoka, Papa Gédéon angewatafutia wapi?

Barua haikuwezekana. Ikikamatwa barrière, aliyeibeba anakufa na aliyeandika anatafutwa. Maneno ya mdomo nayo Maman Jacky alikuwa ameacha kuyaamini, maana walishamdanganya mara mbili.

Maman Dorcas akasema, "Tutamutumia kaseti ya kwaya. Mutu hakatazwake kubeba nyimbo ya Mungu."

Hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma. Mji mzima ulijua sauti ya Papa Gédéon, maana hakuna kilio alichokosa kuimba. Na barrière walikuwa na redio, kila kaseti waliipiga. Nikimweka wazi, askari watamjua. Nikimzamisha, mke hatamjua. Kasha langu sina.

Leo mnabishana kuhusu wet na dry, sauti yenye mwangwi na isiyo nao. Mimi ule mchana nilikuwa nabishana na nafsi yangu kuhusu hilohilo, na kosa lilikuwa maiti.

Kwanza nilifanya ujinga. Niliwahi kusikia kwamba studio nzuri inaua mwangwi, nikaanza kutundika mablanketi ukutani. Maman Dorcas akaniangalia.

"Weye unafanya nini?"

"Naondoa mwangwi, Maman."

"Balituondolea kanisa, balituondolea pampu, sasa weye unataka kutuondolea na hii? Toa ile mablanketi."

Nikatoa. Maiki moja nikaiweka mbele ya wamama wanane. Ya pili nikaitundika kwa kamba karibu na ukuta wa katikati. Papa Gédéon alibaki nyuma ya ukuta, sauti yake ifike kwa kuzunguka.

Tulianza saa saba mchana, wakati askari wengi wanakula. Wakuu, tanki lile halikukubali haraka. Ukiimba haraka, neno la kwanza linakanyagana na la tatu. Ilibidi wamama wangojee saruji imalize kusema ndipo waendelee. Wimbo wa dakika tatu ukawa wa tano.

Sasa lazima niwaambie tabia moja ya Papa Gédéon. Mwisho wa kila wimbo, wenzake wakifunga, yeye alibaki na noti yake. Miaka yote Maman Dorcas alimgombeza, "Kata, Papa! Wimbo imeisha!" Kwaya ilicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa Maman Jacky, aliyekuwa akiimba alto.

Siku ile, kabla hatujaanza, Maman Dorcas aliinama kwenye ule uwazi akamwambia, "Papa, leo usikate."

Mimi sikuelewa. Wamama walipofunga midomo nikapeleka mkono kuzima mashine. Maman Dorcas akanishika mkono. Noti ya Papa Gédéon ilikuwa bado inazunguka humo ndani, nene, haina haraka.

Ndipo tukasikia buti juu ya bati.

Kivuli kikaziba tundu. Askari alikuwa ameinama anatuangalia. Wamama wanane midomo imefungwa, mimi nimefunga wangu, na sauti ya mwanaume bado inaendelea.

Papa Gédéon naye alizisikia buti. Angekata ghafla, tungekwisha wote, maana mwangwi haukatiki ghafla. Hakukata. Aliishusha. Polepole, kidogo kidogo, akiwa amebakiwa na pumzi ya kijiko, mpaka huwezi kusema ni wapi koo lake liliishia na saruji ikachukua.

Mashine ilikuwa bado inazunguka. Nikaizima kwa goti.

"Mule iko mwanaume," askari akasema.

"Iko huyu wa mashine," Maman Dorcas akanionyesha.

"Hapana. Huyu alifunga kinywa. Nani aliimba nyuma?"

"Ile ni tanki, chef. Inaimbaka ikibaki peke yake. Ingiza kichwa, jaribu weye mwenyewe."

Askari akaingiza kichwa, akapiga kelele: "Héé!" Tanki likamrudishia sauti ya dume kubwa, ndefu. Akashtuka. Akarudia. Mara ya tatu alikuwa anacheka.

"Sawa. Sasa imbeni ya commandant."

Wimbo wa kumsifu mkuu wao. Nikawaza, imba tu Maman, wimbo mmoja utakuua?

"Ile hatuijue," Maman Dorcas akasema. "Siye tunaimbaka ya Mungu. Commandant anataka yake, akuje aimbe. Tanki iko hapa."

Sijui mpaka leo kwa nini hakumpiga. Labda kwa sababu bado alikuwa anacheka. Akapiga "héé" ya mwisho, akaenda zake.

Kesho yake kaseti ikaondoka na mama wa mafuta. Hakuambiwa chochote, ila ampe Maman Jacky, zawadi ya kwaya. Alituambia baadaye kwamba barrière mbili waliipiga, na moja waliirudia kwa sababu iliwapendeza.

Maman Jacky aliisikiliza na kaka zake. Wamama walipofunga, kaka mmoja akanyoosha mkono azime. Maman Jacky akamwambia, "Acha. Huyo bado." Wao walisema ni mwangwi. Yeye akasema mwangwi haugombezwi mazoezini miaka kumi. Akakataa kwenda Kisangani. Mwezi uliofuata, njia ilipofunguka, Papa Gédéon alitokea Mambasa kwa miguu, ndevu zimemjaa usoni.

Papa Gédéon alifariki mwaka jana, kitandani mwake, mzee. Binti yake alitaka kaseti ipigwe kwenye kumbukumbu, akaipeleka studio. Fundi ni hodari, simtukani. Alisafisha kelele, akaondoa mwangwi "mchafu", akakata mwisho pale wamama wanapofunga, akaweka plugin ya kanisa kuu la Ulaya. Iling'aa, nakubali.

Siku ya kumbukumbu Maman Jacky aliisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na bwana yangu, mulimupeleka wapi?"

Fundi akamjibu kwamba pale mwisho palikuwa na mkia tu.

Nikamwomba binti yake kaseti ya asili. Nikaipiga kwenye redio kuukuu, mbele ya watu wote. Wamama wakafunga. Noti ikabaki. Buti zikagonga bati. Noti ikashuka, ikashuka, na Maman Jacky, machozi na kicheko pamoja, akaiambia redio: "Kata, Papa. Wimbo imeisha."

Funzo langu ni moja. Plugin tumieni, hata mimi ninazo. Lakini usifute kitu kwenye kazi ya watu kabla hujauliza kilifikaje pale. Na anayesema hakuna tofauti aniletee preset ya mtu anayebana pumzi nyuma ya ukuta ili wenzake wasife. Nitainunua leo.

Haya, uwanja wenu. Wabishi mje, na mliowahi kurekodi mahali pasipostahili mtuambie palikuwa wapi.