Nilivyokimbizana na nyuzi za kanuni ya Shangazi kabla hazijalegezwa

Wakuu, salaam. Hii imenikuta mimi mwenyewe, na atakayesema ni chai aje Bagamoyo tubishane ana kwa ana.

Shangazi yangu anapiga kanuni, ile ala ya taarab yenye nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Sikio lake la kushoto lilishakufa zamani. Juzi juzi wakakuta uvimbe kwenye la kulia. Daktari hakumficha: operesheni itaokoa maisha, kusikia haahidi.

Akaniita nimwandikie noti za nyimbo zake kwenye kompyuta, angali anaweza kuzikagua. Wanafunzi wake watabaki na hizo karatasi.

Kwa wasiojua: sauti nyingine za muziki huu zinaishi katikati ya funguo za piano, sawa na kwa Waarabu na Waturuki. Software yangu ina alama za hao wote wawili. Nikajua kazi nyepesi.

Nikampigia kwenye kompyuta sauti ya Kiarabu.

"Iko chini."

Ya Kituruki.

"Iko juu. Wewe mtoto, unanipatanisha kama uko mnadani?"

Ni kweli napatana mpaka bei ya chumvi, ila yule mama hakushuka hata kidogo.

Ikabidi nijaze kwa mkono namba za kupandisha au kushusha, sauti moja moja, mpaka akafumba macho. "Hapo hapo. Usiguse tena."

Nika-save. Nikahakikisha, nika-save tena. Software yenyewe ni crack, yaani ya wizi, na nilikuwa najisifu nimeipata bure.

(Mtauliza mbona sikurekodi. Niliamini save.)

Siku ya operesheni nafungua file nichapishe. Namba zote sifuri. Nikafunga, nikafungua upya. Sifuri. Kumbe crack ilikuwa inajifanya ku-save tu.

Nikampigia binti yake, Rukia, aliyebaki nyumbani Mbegani.

"Kaka aliyempeleka hospitali kapiga sasa hivi kutoka Dar," akasema. "Mama kashaingizwa theatre."

"Na kanuni?"

"Ninayo hapa, nalegeza nyuzi."

Wakuu, nyumbani kwao mwenye kanuni akiondoka kwa muda, nyuzi hulegezwa ubao usipinde. Sauti za Shangazi zilikuwa zimebaki humo tu, alivyozikaza kwa mkono wake.

"Rukia, acha! Usiguse!"

Simu ikakata. Kupiga tena, haipatikani.

Nikarukia boda bila kuuliza nauli. Dereva ananifahamu, akageuka: "Bosi, kuna msiba?"

"Twende tu," nikasema.

Nimefika, nyuzi nene zote zimelala. Nikagusa nyembamba. Zipo! Rukia alianzia chini, na sauti zile zile hujirudia juu. Nikaweka app ya kupimia sauti, nikapima, nikapima tena, nikaandika kwa kalamu.

"Kwani simu yangu ikiisha chaji ni kosa?" Rukia akanuna. "Nimalizie hizi?"

"Ziache. Mwenyewe atazilegeza."

Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Sina.

Funzo: kazi ya mtu anayeweza kuondoka usiiachie file moja. Rekodi, andika, na crack zisikutie kiburi.

Shangazi ameamka, anaongea, ila sikio bado limefungwa. Bandeji inatolewa kesho na mimi nitakuwepo.

Mwenye ndugu aliyepitia operesheni ya namna hii, tiririka hapa. Msinifariji. Niambieni ilivyokuwa.