Watoto wa Marehemu Walipompenda Mjomba Wao

Dada yangu mdogo alifia Uingereza, akazikwa kwao mumewe, Homa Bay. Baada ya matanga shemeji alirudi kazini kwake ng'ambo, akaniachia watoto wao wawili, msichana aliyekuwa anaanza kubalehe na mvulana wa miaka saba, wakae kwangu Suna mpaka apate nyumba iliyo karibu na shule. Mimi ni mama yao mkubwa, mwalimu, mjane, na nyumba yangu ina nafasi. Nilinunua magodoro mapya na vyandarua. Sikumtaja mama yao hata mara moja, na picha yake niliiondoa ukutani ili wasiumie.

Hawakulia. Walikula kidogo, wakasema asante kwa kila kitu, wakalala mapema kama wageni.

Kisha akaja kaka yetu kitindamimba. Huyu aliwahi kwenda kuchimba dhahabu Masara akarudi na malaria tu; sasa anauza samaki kisiwani Mfangano. Alifika na jogoo kwapani, akasema amekuja kusalimia. Mezani alimtazama mvulana akichezea ugali, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuombea maji kwamba mama yake alikuwa mwizi.

Nilimkanyaga mguu. Aliusogeza, akaendelea. Alisimulia jinsi dada alivyodokoa samaki chunguni akabakisha kichwa na mkia, kisha katikati akapachika gunzi la mahindi. Baba yetu, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alilitafuna gunzi lile hadi mwisho, akalalamika kwamba ngege wa siku hizi wana miiba migumu. Kaka akasimama kuigiza taya za baba. Mabega ya msichana yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia, nikainuka nimkumbatie. Kumbe anacheka. Alinipita, akaenda kukaa karibu na mjomba wake.

"Alifanya nini tena?" akamwuliza.

Nilibaki nimesimama, mikono nimeitandaza bure.

Aliyekuja kusalimia akakaa wiki nzima. Chapati zangu zililiwa pale tu alipozila yeye. Mvulana alimsahihisha Kiingereza, naye akawa mwanafunzi mtiifu kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Changu kilikuwa sawasawa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kuniambia. Nilijisemea kwamba watoto wanapenda vichekesho tu, yatapita. Lakini aliposema anarudi kisiwani, wote wawili waliomba kufuatana naye. Nikataja mbu, nikataja maji ya ziwa. Shemeji akanipigia simu, akasema kwa upole niwaache waende.

Nyumba ikanyamaza. Nilivumilia siku mbili, kisha nikafungasha sweta zao, ingawa kule ziwani joto halimruhusu mtu kuvaa sweta, nikavuka kwenda kisiwani.

Niliwakuta nyuma ya nyumba ya kaka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kisu cha kuparia samaki kimemwanguka miguuni, analia kwa sauti kama mtoto, akisema amemkumbuka dada yake. Msichana alikuwa akimfuta uso kwa upindo wa gauni lake, naye machozi yakimtiririka. Mvulana alimsugua mgongo huku akilia. Kwangu Suna walikaa majuma matatu macho makavu.

Nilitamani kurudi na boti ileile. Mvulana akaniona.

"Mama mkubwa, njoo," akasema. "Mjomba amezidiwa."

Nikaketi chini nao, nikalia pia. Lakini hata machozi yangu niliona kama nimeyaazima kwa kaka. Tulipotulia kaka akauliza sweta ni za nini. Nikamwambia ni za safari yao ya kurudi Uingereza, na hilo lilikuwa kweli kiasi.

Sasa wako kwa baba yao. Hunipigia simu Jumamosi jua likizama, tukishamaliza sabato. Mara ya mwisho nilikuwa nimejiandaa. Niliwasimulia siku mama yao alipopaka mbuzi wa jirani rangi ya viatu ili aonekane wetu. Niliisimulia polepole, na kilio cha mbuzi nikakiiga.

"Mjomba alikuwepo siku hiyo?" msichana akauliza.

Nikasema alikuwepo, ila alikuwa mdogo sana.

"Sawa," akasema. "Basi tutamwomba atusimulie."