Mvua Imekuja, Ingia Ndani

Jirani yangu alikuwa na sauti ya chini na mikono iliyopasuka kwa kuchimba handaki tuliloamriwa na serikali ya kikoloni kuzungushia kijiji, wakati ule wa Hali ya Hatari huku Nyeri. Binti yake, Ngendo, alirudia maneno ya watu badala ya kuyajibu. Jua likiwaka alisema, "Mvua imekuja, ingia ndani," na wanawake wakacheka. Mama yake hakucheka. Alimfunika kichwa kwa shuka akisema, "Haya, tumeingia," kila mara kama mara ya kwanza. Ni maneno ambayo yeye mwenyewe alimtuliza nayo siku risasi zilipolia, kwa hiyo kila alipoyasikia alijua mtoto anaogopa.

Asubuhi moja tukienda kuni, askari mgeni alimsimamisha Ngendo kwenye lango la kijiji.

"Wewe, jina yako nani?"

"Wewe, jina yako nani?" akasema Ngendo.

Askari akainua fimbo. Jirani yangu akaingia katikati yao. "Afande, hakuchezei. Hivyo ndivyo anavyoongea. Niulize mimi."

"Mvua imekuja, ingia ndani," mtoto akasema.

Askari akatazama juu, hakuona wingu.

"Anakuogopa," mama akamweleza.

Fimbo ikashuka. Askari akasogea kando. "Basi. Pita, mama."

Jioni tulirudi tumeinama chini ya mizigo. Ngendo alitangulia hadi mlangoni kwao, akageuka, akamwona mama yake anakuja. Akasogea kando. "Pita, mama," akamwambia.

Jirani yangu alisimama pale pale na kuni zake mgongoni, akicheka huku machozi yanamtoka.