Siku Kalunde Alipoiacha Laini

Kalunde alikuwa na tabia moja iliyonitoa jasho. Yeye ndiye aliyekuwa opareta wa simu katika posta ya soko letu, mbele ya Mwingi ukielekea Garissa, na kila simu ilipitia mikononi mwake, kwenye ile bodi yake ya waya na vitaa. Ukiwa katikati ya maneno yako, angeingia: "Mmemaliza?" Ukisema bado, angeuliza mgonjwa wenu anaendeleaje. Watu walimpenda, lakini mwenye siri aliipeleka kwa miguu.

Mimi Sauda nilikuwa karani wa shirika dogo la misaada, upande wa pili wa barabara. Mwaka wa mvua kubwa, tisini na saba, mto ulifurika ukakata njia, na zahanati ya ng'ambo ikajaa wagonjwa wa kipindupindu. Dripu zilikuwa zinakwisha. Ndege ndogo ilikuwa tayari Nairobi, lakini rubani hangeruka bila kujua ni uwanja gani haujajaa maji na apakie nini. Tusipopeleka habari kabla ya saa sita mchana, ndege ingepelekwa kwingine. Na mama mzazi wa Kalunde, bibi Ndila, alikuwa amelala kwenye mkeka wa zahanati hiyo.

Namba ya ofisi yetu Nairobi ilikuwa bize tangu asubuhi. Nchi nzima ilikuwa inaomba msaada. Iliyobaki huru ni ile ya kompyuta, inayopokewa na mashine. Basi ujumbe ungepitia kwenye modemu, kisanduku chenye vitaa kinachoongea kwenye simu kwa mluzi.

Modemu hufanya ulichoiandikia, haikuongezei hata chembe. Mara ya kwanza ilinijibu NO DIALTONE, kwa sababu ilizoea simu za mjini zinazonguruma ukiinua mkono wa simu. Zetu hazikunguruma, ulimsikia Kalunde. Nikaandika ATX1, kuiambia isisubiri mngurumo. Kalunde akaniunganisha, nikasikia mluzi wa Nairobi, nikaandika ATD, amri ya kuishika laini, na kuweka mkono wa simu chini. CONNECT. Nikaanza kutuma.

Kisha kioo cha kompyuta yangu kikaandika NO CARRIER. Laini imekatika.

Nikainua simu, nikamwita Kalunde kwa jina la mtoto wake. "Mama Mutindi, umefanya nini?"

"Sauda, hiyo laini ni mbaya. Nimeingia kusikiza, inalia vibaya sana. Nimekata nikutafutie ingine."

"Huo mlio ndio ujumbe wenyewe."

"Aiya. Wacha nikuunganishe tena."

Safari hii hakukata. Aliingia tu katikati kuuliza, "Mmemaliza?" Sauti yake ikavuruga mluzi, na NO CARRIER ikarudi. Saa tano ilikuwa imeshapita. Nilikasirika. Nilikuwa nimeshapanga matusi yangu, lakini nilipoinua simu nikamkuta analia.

"Ni mwaitu ako huko, Sauda. Mama yangu. Siwezi kukaa tu hivi. Nataka kujua kama inaenda."

Hasira ikaniishia mdomoni. Mtu huyu alikuwa anaiua laini ya mama yake kwa kumpenda.

"Ukiingia kuangalia kama inaenda, haiendi," nikamwambia. "Ukishaniunganisha, usiguse kitu kwenye hiyo bodi mpaka nikuite. Hata kitaa gani kikiwaka."

"Hata gani?"

"Hata gani."

Nikaandika ATS10=100, amri ya kuiambia modemu isikate upesi ikimpoteza mwenzake, ivumilie kidogo. Kalunde sikuwa na amri ya kumwandikia. Akaniunganisha, nikaandika ATD, nikamwachia Mungu.

CONNECT. Ujumbe ulikwenda polepole, huku mvua ikipiga mabati na mimi nikingoja ile sauti ya "Mmemaliza?" Nilikuwa na hofu hata ya kukohoa. Haikuja. Mwishowe Nairobi ikajibu kuwa imepokea. Nikatulia, nikaandika +++, nikatulia tena, maana bila kimya hicho modemu haielewi kwamba unaiita. Kisha nikaandika ATH, ikakata simu.

Nikainua mkono wa simu. "Mama Mutindi."

"Mmemaliza?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tumemaliza."

Akaniondokea bila hata kuniaga, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

Ndege iliruka. Mto ulipopungua, bibi Ndila akaletwa sokoni, amekonda lakini mdomo wake mzima. Nilimkuta posta akimgombeza binti yake, na hapo ndipo nilipojua. Siku ile, ujumbe ukiwa njiani, kitaa cha zahanati kiliwaka: walikuwa wanapiga simu. Kalunde aliamini ni habari ya kifo. Akakalia mikono yake, akakitazama mpaka kikazimika.

Hakuwa nesi aliyempigia. Bibi mwenyewe alikuwa ameomba abebwe mpaka kwenye simu.

"Nilitaka kukuaga," bibi alisema, "na wewe ukakataa kushika simu. Sasa ningeenda aje bila kuaga? Ikabidi nirudi kwa mkeka ningoje."

Kalunde alipangusa macho kwa mkono wa sweta. "Laini ilikuwa na kazi, mwaitu," akasema.