Mikwaruzo ya Gitaa la Kale

Mimi, ambaye hata safari ya Ujiji, hapa jirani tu, hunichosha, niliitwa na kwaya yetu ya Buzebazeba kama mtaalamu wa magitaa ya umeme. Utaalamu wenyewe niliupata kitandani, kwenye simu.

Yalikuwa mawili: la kale la kiwandani, na jipya ambalo fundi mitumbwi alilichonga kwa kuliiga. Neno langu lingeamua kwaya inunue lipi.

Nikalikumbatia lenye mikwaruzo. “Hili ndilo la kale. Hii ni miaka ya jukwaani! Lile linalong’aa ni la kuiga, halina roho.”

Fundi akakohoa. “Kaka, linalong’aa ndilo la kale. Nimelipiga vanishi juzi. Hilo ulilokumbatia nimelichonga mimi.”

“Na mikwaruzo?” akauliza mwalimu wa kwaya.

“Kuku wangu, mwalimu. Nililihifadhi bandani.”